Kwa Nini Orodha ya Malipo Hufunguka Haraka Leo, Kesho Ikachelewa?

Leo tunajibu swali ambalo wenye maduka hutuuliza kwa njia tofauti tofauti: "Mbona jana orodha ya malipo ilifunguka mara moja, na leo inazunguka tu? Simu ni ile ile, mtandao ni ule ule, na mimi nimebonyeza pale pale."

Swali ni zuri, na jibu lake linaweza kukuokolea pesa. Hebu tuanze na dukani.

Tuseme una duka nje ya lango la chuo. Chuo kilifungwa wiki tatu, nawe ukafunga duka ukaenda ushago. Leo ni Jumatatu, wanafunzi wamerudi. Saa moja asubuhi anakuja mteja wa kwanza, anachukua mkate, maziwa na kalamu mbili. Jumla shilingi 175.

"Mathe, nishatuma."

"Ngoja kijana wangu, simu inazunguka."

Umefungua ukurasa wa malipo 10 ya mwisho. Sekunde tano, kumi, ishirini. Nyuma yake foleni inaanza. Kijana anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake: "Si uone hapa?" Sasa una njia tatu, na hakuna iliyo salama. Ukimwachia aende, huenda ujumbe ule ni feki. Ukimwambia atume tena, huenda akalipa mara mbili. Ukimkatalia, umepoteza mteja, na pengine alikuwa amelipa kweli.

Saa sita mchana unafungua ukurasa ule ule, unafunguka kabla hujapepesa jicho. Unabaki kujiuliza asubuhi kulikuwa na nini.

Kutunza pesa na kutafuta rekodi ni kazi mbili

Jambo la kwanza kulielewa ni hili: kuchelewa kwa orodha si kupotea kwa pesa.

Mtu anapokulipa, mfumo hufanya kazi moja isiyogawanyika: unatoa kwake, unaongeza kwako, unaandika rekodi. Yote yafanyike au lisifanyike lolote. Kazi hiyo ikikamilika, imekamilika, hata kama hakuna aliyefungua orodha kuitazama.

Kufungua orodha ni kazi nyingine. Hapo unauliza hifadhidata swali: "Nipe malipo 10 ya mwisho ya nambari hii ya tili." Hifadhidata ni mahali rekodi zote zinapokaa, za kwako na za watu wengine wote. Swali lako linaweza kuchelewa kujibiwa ilhali pesa zako ziko salama kabisa. Ni kama kitabu cha madeni cha duka: mtu akichelewa kuupata ukurasa wake, deni halifutiki.

Faharasa ni nini?

Kumbuka kitabu cha shule cha historia. Ukitaka kusoma kuhusu reli ya Mombasa hadi Kisumu, una njia mbili. Ya kwanza, usome kitabu chote kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka uipate. Ya pili, ufungue kurasa za nyuma kabisa, mahali maneno yamepangwa kwa alfabeti, uone "reli, ukurasa 84", kisha uende moja kwa moja. Orodha ile ya nyuma ndiyo faharasa.

Hifadhidata nayo ina faharasa. Aina inayotumika zaidi ilibuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa wakifanya kazi Boeing, na maelezo yake yakachapishwa mwaka wa 1972. Imepangwa kama mti: unaanza kwenye shina, unachagua tawi, unachagua kitawi, mpaka unafika kwenye jani lenye unachotafuta. Kwenye jedwali la rekodi 200,000,000, safari hiyo ni hatua nne au tano hivi. Ndiyo maana ukitafuta muamala mmoja kwa nambari yake, jibu huja haraka.

Basi tuweke faharasa kila mahali, au sivyo? Hapana. Kila malipo mapya yakiingia, kila faharasa lazima iandikwe upya kidogo. Faharasa zikizidi, kulipa kwenyewe kunakuwa kuzito. Kwa hivyo wahandisi huweka chache, zile zenye kazi. Tuseme hapa ziko mbili: moja imepangwa kwa nambari ya tili, nyingine kwa tarehe.

Na hapo ndipo shida yetu inapoanzia. Njia zikiwa mbili, lazima mtu achague.

Nani anachagua njia?

Ndani ya hifadhidata kuna sehemu ambayo kazi yake ni kuchagua njia kabla ya kutafuta. Sisi tutaiita mchaguzi. Wazo la kuchagua kwa kulinganisha gharama za njia lilielezwa mwaka wa 1979 na Patricia Selinger pamoja na wenzake wa IBM, na mpaka leo hifadhidata nyingi zinalifuata.

Mchaguzi ni kama mwendesha boda anayejua mji. Ukimwambia "Nipeleke stendi", hapimi kila barabara kwanza. Anakumbuka hali ilivyo kwa kawaida, anapiga hesabu kichwani, anaondoka. Akiwa na habari sahihi, utafika mapema. Akiwa na habari za jana, mtakwama wote wawili.

Habari za mchaguzi zinaitwa takwimu. Hazipati kwa kuhesabu kila kitu, bali kwa kuchukua sampuli. Tuchukue PostgreSQL, hifadhidata ya wazi inayotumiwa na kampuni nyingi duniani. Kwa mipangilio yake ya kawaida, inachukua mistari 30,000 hivi kutoka kwenye jedwali, iwe jedwali lina laki tano au milioni mia mbili. Kutokana na sampuli hiyo inaandika mambo kama: thamani zinazojirudia sana ni zipi, na tarehe zimetawanyika vipi.

Kisha inapiga gharama. Kwa mipangilio hiyo hiyo, kusoma ukurasa kwa kurukaruka kunahesabiwa kuwa ghali mara nne kuliko kusoma kurasa zinazofuatana. Kwa sababu hiyo, kuna wakati mchaguzi anaiacha faharasa kabisa na kusoma jedwali lote, na anakuwa hajakosea. Ukitaka kusoma karibu kila ukurasa wa kitabu, kurudi kwenye faharasa kila mara ni kujichosha bure.

Turudi kwenye duka la chuo

Sasa tupige hesabu ya mfano. Jedwali lina rekodi 200,000,000, na kila siku zinaingia 1,000,000 mpya. Duka lako lina rekodi 60,000 ndani yake.

Unauliza: malipo 10 ya mwisho ya tili hii. Mchaguzi ana njia mbili:

1. Aende na faharasa ya tili. Atapata rekodi zako zote 60,000, azipange kwa tarehe, kisha akupe 10 za juu.
2. Aende na faharasa ya tarehe. Aanzie malipo ya sasa hivi akirudi nyuma, akiacha ya wengine na kuokota ya kwako, mpaka zitimie 10.

Anafikiri hivi: "Duka hili lina rekodi 60,000 kati ya milioni 200. Ni moja katika kila 3,333. Nikirudi nyuma kwa tarehe, nitapata 10 baada ya kupitia kama 33,000 tu. Hiyo ni nafuu kuliko kuchukua 60,000 na kuzipanga." Anachagua njia ya pili.

Siku ya kawaida, hesabu hiyo ni sawa kabisa. Lakini ndani yake kuna dhana moja iliyojificha: kwamba malipo yako yametawanyika sawasawa, leo kama jana, jana kama mwezi jana. Mchaguzi hajui mambo ya likizo.

Asubuhi ile ya Jumatatu, anapata malipo ya kijana mara moja. Shilingi 175, hizo hapo. Lakini wewe uliomba 10, naye ana moja. Kwa hivyo anaendelea kurudi nyuma kutafuta tisa zilizobaki: jana hakuna, juzi hakuna, wiki iliyopita hakuna. Siku 21 za rekodi 1,000,000 kila moja ni rekodi 21,000,000, na zote ni za watu wengine. Alitarajia kupitia 33,000. Amepitia zaidi ya mara 600 ya hizo. Kiduara kinazunguka, na malipo unayoyangoja alishayapata tangu mwanzo.

Kufikia saa sita umeuza mara kadhaa. Malipo 10 ya leo yametimia, hahitaji tena kuvuka zile wiki tatu. Ukurasa unafunguka haraka. Hakuna mtu aliyerekebisha kitu.

Na jirani yako mama mboga, mwenye malipo mawili matatu kwa siku, hakuona shida hata asubuhi. Tili yake haimo kati ya zile zinazojirudia sana, kwa hivyo mchaguzi alikadiria kuwa ana rekodi chache akatumia faharasa ya tili. Kibanda kidogo kinahudumiwa haraka, duka kubwa linangoja. Si upendeleo, ni makadirio.

Sababu nyingine tatu za "leo haraka, kesho polepole"

*Takwimu zimezeeka.* PostgreSQL, kwa mipangilio ya kawaida, inachukua takwimu upya yenyewe baada ya kama asilimia 10 ya mistari ya jedwali kubadilika. Kwenye jedwali dogo hilo halina neno. Kwenye jedwali la milioni 200, asilimia 10 ni milioni 20. Kwa rekodi milioni moja kwa siku, hizo ni siku 20 za kutumia habari za zamani. Katikati ya hapo, ukiuliza malipo ya juzi na jana, mchaguzi huenda akakadiria kuwa siku hizo zina rekodi chache mno, akachagua faharasa ya tarehe, kisha akakuta mamilioni.

*Mara ya sita.* Maswali yanayorudiwa huandaliwa mapema, na kinachobadilika ni nambari tu. PostgreSQL hutengeneza mpango maalum kwa nambari husika katika mara tano za kwanza. Kuanzia ya sita, inaweza kuamua kutumia mpango mmoja wa jumla kwa wote ikiona gharama yake si kubwa kuliko wastani wa ile mitano. Mpango mmoja kwa supamaketi na kwa kibanda! Nguo ya saizi moja kwa watu wote, lazima ibane mtu.

*Kumbukumbu ya karibu.* Rekodi zilizosomwa hivi punde hubaki kwenye sehemu ya kumbukumbu iliyo haraka zaidi kuliko diski. Kwa hivyo ukirudia swali lile lile baada ya dakika moja, mara nyingi litakuja haraka, hata kama njia iliyotumika ni mbaya. Hii huwapoteza hata wataalamu: mtu anabadilisha kitu, anajaribu tena, anaona imekuwa haraka, anashangilia. Kumbe hajatibu chochote.

Wahandisi hutafutaje tatizo la namna hii?

Kanuni ya kwanza ni kutopima kwa muda peke yake. Muda hubadilika kwa sababu nyingi. Wanachotazama ni njia iliyochaguliwa, na umbali kati ya makadirio na ukweli. PostgreSQL ina amri ya EXPLAIN ANALYZE ambayo hufanya utafutaji wenyewe kisha ikaonyesha hatua kwa hatua: hapa nilitarajia mistari mingapi, hapa nimekuta mingapi. Mahali palipotarajiwa 33,000 pakapatikana milioni 21, hapo ndipo penye ugonjwa.

Kanuni ya pili ni kupima kwa nambari ile ile na wakati ule ule wa malalamiko. Mhandisi akijaribu mchana, au kwa tili nyingine, atakuta kila kitu kiko sawa na kusema "kwangu inafanya kazi". Kama ulivyoona, duka moja linaweza kuwa na shida asubuhi tu, siku ya kwanza baada ya likizo.

Kanuni ya tatu ni kutibu chanzo. Zipo hifadhidata, MySQL ni mojawapo, zinazokubali kulazimishwa kutumia faharasa fulani. Inasaidia leo, lakini biashara inabadilika, na njia iliyolazimishwa haibadiliki nayo. Tiba inayodumu kwa mfano wetu ni faharasa moja yenye vitu viwili kwa mpangilio huu: tili kwanza, kisha tarehe.

Fikiria kabati la mafaili. Kila duka lina faili lake, na ndani ya faili karatasi zimepangwa kwa tarehe, mpya juu. Ukiulizwa malipo 10 ya mwisho ya duka fulani, unavuta faili, unatoa karatasi 10, umemaliza. Kama duka lilifungwa wiki tatu au mwaka mzima, hakuna tofauti. Lakini ukigeuza mpangilio, tarehe kwanza kisha tili, umerudi pale pale pa kupekua kila siku kutafuta duka moja.

Pamoja na hiyo, jedwali kubwa linawekewa utaratibu wa kuchukua takwimu mapema zaidi, bila kungoja asilimia 10, na sampuli yake inaongezwa.

Wewe ufanye nini orodha ikichelewa?

Faharasa si kazi yako, hilo tunajua. Lakini namna unavyouliza inaleta tofauti kubwa.

- Usimwambie mteja atume tena kwa sababu orodha inazunguka. Orodha inayochelewa haijasema "hakuna malipo". Haijasema chochote bado. Nawe ukiwa ndiwe unayelipa, usirudie kabla ya kuangalia salio lako.

- Chagua "leo" badala ya malipo ya mwisho au mwezi mzima. Ukiweka mpaka wa tarehe, utafutaji una mahali pa kusimama. Kwenye mfano wetu, ungeona ile shilingi 175 bila kuvuka wiki tatu za likizo.

- Tafuta kwa nambari ya muamala. Mwombe mteja akusomee nambari iliyo kwenye ujumbe wake, kisha uiandike wewe kwenye simu yako. Nambari ya muamala ni moja tu, haina njia ndefu. Ikiwa ni ya kweli, itatokea ikiwa na kiasi na saa. Ikiwa ujumbe ni feki, haitatokea kwako.

- Usiamini ujumbe ulio kwenye simu ya mteja peke yake. Watu wa ujumbe feki hupenda saa ambazo una foleni na simu inazunguka. Ushahidi wako ni rekodi iliyo upande wako, au salio lako lililopanda kwa kiasi hicho.

- Zoea kujua salio lako la kuanzia. Ukifungua duka, liangalie uliandike. Salio ni swali jepesi, mara nyingi hujibiwa hata orodha ikiwa inasuasua.

- Usibonyeze mara kumi. Kila ukibonyeza unaweza kuwa unatuma swali jipya huku la kwanza likiendelea. Bonyeza mara moja, ikikawia toka, punguza kipindi, kisha ujaribu tena.

- Ukituandikia, tupe maelezo yanayosaidia. Saa ilikuwa ngapi? Ulikuwa unatafuta nini, kwa kipindi gani? Ulipojaribu mara ya pili ilikuwaje? Je, duka lilikuwa limefungwa siku nyingi? "Leo saa moja na robo asubuhi, malipo 10 ya mwisho, nilikuwa nimefunga wiki tatu" inamwonyesha mhandisi pa kuanzia kuliko "apu yenu iko slo". PIN yako usiweke kabisa. Hatuihitaji kutafuta tatizo lolote, na yeyote anayeiomba kwa jina letu ni tapeli.

Kwa kifupi

Orodha huchelewa si kwa sababu pesa zimepotea, na mara nyingine si kwa sababu ya simu yako wala mtandao. Hifadhidata imechagua njia kwa makadirio, na makadirio yakakosana na siku yako. Kurekebisha njia ni kazi yetu. Yako ni kuuliza swali lenye mpaka, kuamini rekodi ya upande wako, na kutomlipisha mtu mara mbili kwa sababu ya kiduara kinachozunguka.

Yule kijana wa mkate na maziwa? Mwombe nambari ya muamala, iandike, itazame. Ikitokea, mpe mzigo wake awahi darasani, na umwite anayefuata kwenye foleni.

Una swali lingine ungependa tulifundishe? Tuandikie kupitia sehemu ya msaada ndani ya programu. Biashara njema!